Mashimo Manane ya Mawe Meupe

Jumanne, tarehe 14 Julai 1953. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi kavu, na upepo wa kutoka upande wa ziwa ulikuwa umetimua vumbi jekundu kiasi kwamba jua lilipochomoza lilionekana limefifia, mtu angeweza kulitazama bila kufumba macho.

Scolastika alimaliza sala yake, akajitanda kanga ya pili mabegani, akatoka kwenda kuwapangia watu kazi.

Mtaa wa Mawe Meupe ulikuwa na nyumba thelathini na moja, nyuma ya kilima cha mgodi, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Geita. Waliokaa humo ni wale ambao nyumba za kampuni hazikuwatosha, au ziliwatoa: wachimbaji wenye watoto wengi, wauza mboga, fundi baiskeli mmoja, na wajane. Scolastika alikuwa mmoja wa hao wajane. Mumewe, Cornel, aliangukiwa na mwamba chini ya ardhi miaka minne iliyopita. Haukupita mwezi akaambiwa chumba chao kinatakiwa na mtu mwingine. Akahamia Mawe Meupe na mwanawe Kalisti, akafyatua matofali kwa mikono yake mwenyewe, akajenga vyumba viwili. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Watu wa mtaa walikuwa na umoja wao. Kila Jumapili, Wakristo wakisharudi kanisani na kabla Waislamu hawajaenda kuswali alasiri, kila nyumba ilituma mtu mmoja kwenye mkutano. Wenyeviti watatu wanaume walikwisha kupita, na kila mmoja aliondoka baada ya kugombana na nusu ya mtaa. Mwaka uliotangulia walimchagua Scolastika, wengine wakisema wazi kwamba mjane hana ndugu wa kumpendelea. Yeye aliuchukua uenyekiti kama mtu anavyochukua mzigo aliokwisha kuupima: hakulalamika, wala hakuomba apunguziwe.

Mwishoni mwa Juni Bwana Afya alipita na daftari lake. Watu wawili walikuwa wamekufa kwa homa ya matumbo, na mtaa mzima ulikuwa na vyoo viwili tu. Aliacha barua ya Bwana Shauri, ofisa wa serikali wa wilaya, yenye maneno machache. Ifikapo tarehe 31 Julai vyoo vinane viwe vimechimbwa, kila kimoja chenye kina kisichopungua futi kumi na mbili. La sivyo nyumba zote zitabomolewa, na watu wapelekwe kwenye pori la maili tisa kutoka hapo.

Scolastika aliisoma barua ile mkutanoni, taratibu, akipitisha kidole chini ya kila neno. Akaona nyuso za watu zikianguka. Wachimbaji walikuwa wanatoka zamu wamechoka. Nani atashika sururu tena nyumbani?

"Najua mtakavyochimba," aliwaambia. "Bagika mashimo manne, Bagalu mashimo manne. Ngoma ziletwe."

Mkutano ulivuma kama mzinga uliogongwa. Kwa Wasukuma, na wengi wa mtaa ule walikuwa Wasukuma, Bagika na Bagalu ni pande mbili za ngoma, na mtu hurithi upande wake nyumbani kwao. Kila mwaka baada ya mavuno pande hizo hushindana kucheza siku nzima, na unaovuta watazamaji wengi ndio mshindi. Hata shambani hulima kwa ngoma, kila upande ukitaka kuuacha mwenzake nyuma. Scolastika alijua kwamba mtu aliyekataa kuchimba choo kwa ajili ya barua ya serikali asingekubali aambiwe Bagika wamemshinda.

"Lakini dawa sitaki," aliongeza. Maana pande zote mbili zilikuwa na waganga wa kuzipa nguvu, na padre alikuwa amewakanya mara nyingi. "Ngoma ndiyo, dawa hapana. Nikiona mtu kajipaka kitu, shimo lake silihesabu."

"Na sisi tusio na upande?" aliuliza Sikujua, Mnyamwezi wa Tabora aliyeuza vitumbua penye lango la mgodi, mwanamke asiyepitwa na neno.

"Ninyi mtapika."

"Haya. Wasukuma wacheze na mashimo, Mnyamwezi alishe. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, sema tu mlikuwa hamjui."

Watu wakacheka, na mambo yakawa yameamuliwa.

Ndipo ilipofika Jumanne hiyo ya baridi. Kiongozi wa Bagika alikuwa Masele, mtu mpole mwenye mabega mapana. Wa Bagalu alikuwa Maduhu, mfupi, mwembamba, mdomo haukauki. Scolastika alipowaonyesha mahali pa kuchimba, alama nane zilizochorwa kwa majivu, ngoma zilikuwa zimekwisha kuanza.

"Shikamoo mama," alisema Maduhu, akipokea sururu. "Leo utaona kazi."

"Marahaba. Nataka choo, Maduhu, sitaki maneno."

"Maneno ni ya bure. Hayo nakuongezea tu."

Walichimba kama watu waliokuja kwenye sherehe. Mmoja alipiga sururu, mwingine alijaza debe, wawili walivuta kamba, na wengine wote waliimba na kumsimanga aliye upande wa pili. Wale waliotoka zamu ya usiku hawakwenda kulala. Kufikia Jumatano jioni mashimo yote manane yalikuwa yamefika futi kumi na mbili, na siku za barua zilikuwa bado zaidi ya kumi na nne.

Hapo Scolastika angeweza kusema basi. Hakusema.

Alikuwa na sababu, na alikuwa akiijua. Baba yake alikuwa Bagalu, na babu yake alikuwa akiongoza nyimbo za Bagalu mpaka meno yalipomtoka. Yeye alipobatizwa aliacha ngoma, lakini kuna vitu ambavyo mtu akiviacha vinabaki vimejikunja mahali fulani ndani yake. Jumatano hiyo, akipita na ufito wa kupimia, aliona Bagika wako mbele. Masele alikuwa na futi kumi na tano kwenye shimo lake kubwa. Maduhu na watu wake walikuwa wameketi wanakula vitumbua, wakidhani wamemaliza.

Aliinama karibu na Maduhu kana kwamba anaokota kitu. "Masele yuko kumi na tano," alisema kwa sauti ya chini.

Maduhu aliacha kutafuna. Akasimama, akafuta mikono kwenye kaptula. Ngoma ya Bagalu ikarudi kazini.

Alhamisi Bagalu walifika kumi na tisa. Bagika wakafika ishirini na moja. Watu walianza kuja kutoka mitaa mingine kutazama, na wanawake walipiga vigelegele kila debe lilipopanda. Chini ya udongo mwekundu walikuwa wamekutana na mwamba laini, halafu mawe meupe yale yaliyoupa mtaa jina, na kando ya kila shimo lilirundikwa lundo jeupe lililoonekana toka mbali. Scolastika alizunguka na ufito wake, na ulipokuwa mfupi aliufunga kamba. Mara mbili tena alimnong'oneza Maduhu. Moyo wake ulikuwa mwepesi kama wa msichana. Ijumaa mchana, tarehe 17, shimo kubwa la Bagalu lilikuwa futi ishirini na saba, na la Bagika ishirini na sita.

Ndipo walipokuja walinzi wa mgodi.

Walikuwa sita wenye marungu, na mbele yao Sajini Stanslaus, mtu wa Ufipa ambaye hakuwa na mwaka mmoja Geita. Alisimama juu ya shimo la Maduhu akatazama chini. Kisha akatazama lundo la mawe meupe. Akaokota moja, akaligeuza juani.

"Hiki ni nini?"

"Choo," alisema Maduhu kutoka chini.

"Choo cha futi ngapi?"

"Ishirini na saba, bwana. Na jioni tutafika thelathini."

"Mimi nimeona vyoo vingi," alisema sajini polepole. "Sijaona mtu anayehitaji kujisaidia kutoka mbali hivyo."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alielewa. Jiwe jeupe ndilo lililobeba dhahabu mle mgodini, na kuchimba dhahabu pembeni mwa mgodi kulikuwa kosa la jela. Sajini aliamuru watu wote watoke mashimoni. Akatuma mtu Geita kwa baiskeli, na kabla jua halijashuka jibu likaja: Bwana Shauri atafika kesho saa nne. Kama ni kweli watu wa Mawe Meupe wamechimba dhahabu kwa kisingizio cha vyoo, mtaa utabomolewa Jumatatu, bila kungoja mwisho wa mwezi.

Jioni ile watu walisimama katika makundi mawili. Masele alisema Bagalu ndio waliovuka kumi na mbili kwanza. Maduhu alisema Bagika. Kila upande ulikuwa ukijiandaa kumtupia mwenzake lawama mbele ya serikali.

Scolastika aliingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda na rozari mkononi. Alikuwa na nia ya kumwomba Mungu aiokoe nyumba yake. Alianza Salamu Maria ya kwanza, lakini hakufika mbali, maana kilichomjia kilikuwa shimo lile. Futi ishirini na saba, na hakuna hata gogo moja la kuzuia kuta. Maduhu chini kabisa, akiimba. Yeye, ambaye mumewe aliletwa nyumbani amefunikwa gunia kwa sababu ya mwamba usiozuiliwa, alikuwa amewanong'oneza watu waendelee kushuka. Na kwa ajili ya nini? Ili Bagalu washinde.

Alikaa pale magotini kwa muda mrefu. Hakulia. Alimshukuru Mungu kwamba mashimo yote manane yalikuwa matupu na watu wote wako nyumbani wanakula. Alipoinuka alikuwa na hakika ya atakalolisema kesho, na hakika hiyo ilimpa usingizi.

Bwana Shauri alifika saa nne na nusu katika gari la vumbi, Mzungu kijana mwenye pua iliyobabuka, akisema Kiswahili cha kitabuni. Pamoja naye alikuja Mageni, mwanangwa, yaani msimamizi wa nchi ile chini ya mtemi, mzee wa makamo mwenye koti la kaki na fimbo. Mtaa wote ulikusanyika kuzunguka mashimo. Bwana Shauri alimulika kurunzi ndani ya shimo moja, akatikisa kichwa.

"Niliamuru futi kumi na mbili."

"Barua ilisema zisipungue kumi na mbili, bwana," alisema Scolastika. "Zaidi haikukataza. Lakini sijifichi nyuma ya barua."

"Wewe ni nani?"

"Mwenyekiti wa umoja wa mtaa huu. Scolastika, mjane wa Cornel."

"Nani aliwaamuru kuchimba mpaka huku?"

Masele alifungua mdomo. Maduhu naye alifungua wake. Scolastika alisogea mbele yao wote wawili.

"Hakuna aliyeamuru. Mimi niliwashindanisha. Bagika huku, Bagalu huku. Walipofika kumi na mbili nilipaswa kuwazuia, sikuwazuia. Na tena mimi ni wa nyumba ya Bagalu. Kila Bagika walipotangulia, mimi nilimwendea Maduhu nikamwambia wamefika wapi. Mara tatu. Kosa ni langu, si la watu hawa."

Kisha Masele akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Kumbe."

"Ndiyo, baba," alisema Scolastika.

"Kumbe. Na mimi nilikuwa najiuliza, huyu Maduhu kuhesabu hajui, amejuaje?"

"Kuhesabu najua," alisema Maduhu. Lakini yeye pia alikuwa amekunja uso. "Mama, umenitia aibu. Sasa watasema tulishinda kwa kunong'onezwa."

"Hamkushinda," alisema Masele.

"Futi ishirini na saba na ishirini na sita, ipi kubwa?"

"Nyamazeni," alisema Bwana Shauri. Alimgeukia Scolastika. "Unataka niamini kwamba watu walichimba futi ishirini na saba za mwamba kwa ajili ya ngoma?"

Ndipo mwanangwa Mageni alipoanza kutikisika mabega. Alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Bwana," alisema alipopata pumzi, "mimi ni Bagika. Mwaka ule nilipooa, tulilima shamba la mkwe wangu kwa ushindani. Tulipomaliza lake tukaendelea kulima shamba la jirani, kisha la jirani wa jirani, na njia iliyokuwa katikati tukailima pia. Watu walipotea wakienda sokoni. Hawa wamechimba futi ishirini na saba tu. Wangeachwa mpaka Jumapili wangetokea upande wa pili."

Watu walicheka, lakini sajini hakucheka. "Maneno mazuri," alisema. "Mawe haya meupe je? Mtu anaweza kucheza na kuiba pia."

"Yatwange," alisema Scolastika. "Kinu kipo, karai lipo, maji yapo. Chagua mwenyewe jiwe la kila shimo."

Sajini alichagua, na hakuchagua madogo. Wanawake wawili walitwanga mpaka mawe yakawa unga. Mlinzi mmoja aliyeijua kazi ile akausafisha unga kwenye karai kwa maji, akilizungusha polepole, huku watu wote wakimwinamia shingoni. Shimo baada ya shimo, mara nane. Mwisho karai lilibaki na mchanga mweusi kidogo chini yake. Hakukuwa na punje hata moja ya kung'aa.

"Hamkupata," alisema sajini. "Haimaanishi kwamba hamkutafuta."

Sikujua alikuwa amesimama pembeni na kapu lake la vitumbua kichwani. "Baba Sajini," alisema, "mimi sina ngoma wala shimo, ni mgeni hapa kama wewe. Nieleze jambo moja. Mwizi gani anapiga ngoma nne siku nne, mchana, anaita na watu wa mitaa mingine waje kumshangilia? Hata wewe Alhamisi ulisimama pale kwenye njia ukala vitumbua vyangu vitano ukitazama. Sikusikia ukisema wizi. Nilisikia ukisema, yule mfupi ana nguvu."

Sajini Stanslaus alitazama viatu vyake. "Vilikuwa vinne," alisema.

Bwana Shauri aligeuza uso upande wa kilima kwa muda, na alipogeuka tena alikuwa ameshaukaza. Alimwita mwanangwa kando, wakazungumza. Scolastika alisimama wima, mikono ikiwa imeshikana mbele ya kanga. Alikuwa akisali bila kutikisa midomo, na hata sasa hakuiombea nyumba yake. Aliomba kwamba, lolote litakaloamuliwa, liwakute watu hawa wakiwa pamoja.

Bwana Shauri alirudi. "Siamini mmeiba. Naamini mmefanya upumbavu, na upumbavu huu ungeua mtu. Mashimo haya yafukiwe mpaka futi kumi na mbili, yajengewe, na Bwana Afya ayaone tarehe 31 kama ilivyoandikwa. Yakiwa tayari, mtaa utabaki. Yasipokuwa tayari, sitasikiliza tena. Na sasa nataka mtu mmoja anayejibu kwa mtaa huu wote. Jina lake naliandika leo. Ni nani?"

Scolastika alikuwa amejitayarisha kwa hilo tangu usiku. "Wachague mwingine, bwana. Nimewaeleza nilichofanya."

Watu walitazamana. Maduhu alikuna kichwa. Fundi baiskeli alikohoa. Masele ndiye aliyesema, na alisema bila kumtazama.

"Wale watatu wa kwanza walikosea pia. Hatukuwahi kusikia wakisema. Huyu amesema mbele ya serikali, na kwa kosa lililomnufaisha Maduhu, si yeye." Akaguna. "Mimi nina hasira naye. Lakini aandikwe yeye."

"Aandikwe," alisema Maduhu. "Ila asininong'oneze tena. Nitashinda mwenyewe."

"Aandikwe," wakasema wengine, Bagika na Bagalu, na wasio na upande.

"Kwa sharti," Masele aliongeza. Sasa alimgeukia. "Aahidi hapa hapa, tusikie wote, na mwanangwa asikie, na huyu bwana aandike. Nisije nikachimba tena huku mwenyekiti anacheza upande wa pili."

Scolastika aliwatazama mmoja mmoja: Masele aliyenuna, Maduhu mwenye udongo mweupe bado nyuma ya masikio, Sikujua na kapu lake, sajini, mwanangwa aliyeegemea fimbo, kijana wa serikali na kalamu mkononi. Akafanya ishara ya msalaba. Kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka nyumba ya mwisho:

"Mimi Scolastika, mjane wa Cornel, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu ninyi mnaonisikia. Kila shimo litafukiwa na Bagika na Bagalu wakishika debe moja, na mimi nitakuwa wa kwanza kubeba mawe. Hakuna mtu wa mtaa huu atakayeshuka shimoni kupita futi kumi na mbili mimi nikiwa hai na nikimwona. Na siku zote nitakazokaa kwenye kiti hiki sina Bagalu, sina Bagika. Nina nyumba thelathini na moja. Nikilivunja neno hili, msingoje serikali. Anzeni kubomoa kwangu."